Fanani Atembeaye Kinyumenyume

"Angalia ngazi, mwanangu," mama alisema kwa Kiswahili, akimwambia kijana wa Kimarekani ambaye hakumzaa na ambaye hakuelewa neno hata moja. Kijana alikuwa ametuelekea sisi, mgongo kwenye vidato vitatu vya mawe, mikono ikichora hewani ukubwa wa maabara tuliyokuwa tumetoka kuichungulia. Hakugeuka. Kisigino chake cha kulia kilipapasa, kikakipata kidato cha kwanza, na sentensi aliyoianzia chini akaimalizia juu bila pumzi kukatika. Wazazi watano au sita walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono kumdaka. Watoto wao, vijana wa miaka kumi na sita na kumi na saba, waliacha mikono yao mifukoni na macho yao kwenye kile kisigino.

Tendo hilo halikuzidi sekunde nne, nami tangu hapo nikaanza kuisoma ziara ya kampasi kama isomwavyo kazi ya sanaa. Dada yangu anaishi Lowell, katika jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali hautafutwi mbali. Lilikuwa lile juma la Aprili ambalo shule za jimbo hilo hufungwa kwa mapumziko yanayoambatana na Siku ya Wazalendo, ilhali vyuo vinaendelea kufundisha. Kwa hiyo wanafunzi waliobakiza mwaka mmoja wa sekondari huzungushwa vyuoni na wazazi wao, asubuhi chuo hiki, alasiri kile. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kumwona mjukuu, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha dukani na hospitalini, kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumtafsiria. Mkalimani hana ruhusa ya kuruka sentensi, na huenda hiyo ndiyo sababu niliyaona niliyoyaona. Chuo cha asubuhi sitakitaja, maana ninachohakiki ni utendaji wa siku moja.

Utanzu huu ni wa fasihi simulizi, ijapokuwa wenyewe hawauiti hivyo. Una fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Una fomula za kuanzia na za kuhitimishia. Fanani amefunzwa na amekariri, lakini kila mara huitunga ziara upya njiani kwa viungo vilevile, akipunguza hapa kwa sababu ya mvua na kurefusha pale kwa sababu mtu amecheka. Naomba ruhusa ya kuuita simulizi-tembezi. Mwanzo wake una vipande vinne visivyobadilika, mithili ya ubeti wa mishororo minne: jina la fanani, mji alikotoka, mwaka wake wa masomo, na somo analolisomea. Kisha fanani huurudisha ubeti huo kwa hadhira na kuomba kila mmoja ajitaje, kama vile mwenye kusema "Paukwa" asivyoweza kuendelea kabla hajasikia "Pakawa". Na hapo, kabla hatujapiga hatua hata moja, mvutano wa utanzu unajitokeza: katika familia nyingi zilizokuwa mbele yetu, jina la mtoto lilitamkwa na mama. Mtoto aliongeza kitu kimoja tu, somo alitakalo, na mara mbili nilimsikia akilitaja somo tofauti na lile ambalo mzazi alikuwa amekwisha kulianza.

Kwetu mambo hayaendi hivi, na tofauti hiyo inausaidia usomaji. Nchini Kenya mwanafunzi aliyefaulu hupangiwa nafasi chuoni kupitia KUCCPS, na mzazi huonekana kampasini siku ya kuripoti, akiwa na sanduku, godoro na stakabadhi ya benki, wakati uamuzi umekwisha kupita. Dar es Salaam, Tume ya Vyuo Vikuu huandaa maonesho katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na hapo vyuo ndivyo vinavyomfuata mzazi, kila kimoja na banda lake. Kwa lugha ya ndoa, kuripoti ni kumpeleka bibi harusi. Ziara ya Kimarekani ni posa, tena posa ya ajabu kidogo, kwa sababu hakuna upande unaokubali kuwa ndio uliotuma washenga. Chuo hubembeleza hadi siku ombi linapotumwa. Tangu siku hiyo familia ndiyo inayobembeleza. Harvard, tuliyoitembelea alasiri, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipokea takriban waombaji wanne katika kila mia, na bado huwatembeza wote mia kwa tabasamu lilelile.

Mbinu kuu ya utanzu, ile inayoutambulisha hata kwa mbali, ni kutembea kinyumenyume. Sababu yake ya wazi ni sauti, kwani aliyewapa watu mgongo husikika na wa mbele tu. Athari yake lakini inakwenda mbali zaidi ya sauti. Fanani anayetembea hivyo haoni anachokieleza. Hadhira huliona jengo kabla yake, naye hulieleza kwa kumbukumbu na kwa nyayo. Kwa kijana anayesikiliza, hiyo ni ithibati kubwa kuliko takwimu yoyote: mtu aliyemzidi miaka miwili au mitatu tu anakijua chuo kwa visigino, na kwa hiyo inawezekana mahali pageni pakawa pako kiasi hicho. Kwa mzazi, kisigino kilekile ni mtoto wa mtu anayerudi nyuma kuelekea ngazini. Ndiyo maana mikono ilinyooshwa. Fanani anapojiweka hatarini kidogo, hatari ya kidato au ya baiskeli inayopita, huwapa wazazi kazi wanayoijua kuliko zote, na ndani ya dakika kumi wanakuwa wamemlea. Mzazi aliyekwisha kumlea fanani hawezi tena kumhoji kwa ukali. Sidhani kijana yule alilipanga jambo hili. Mbinu nzuri za fasihi simulizi huwa hazina haja ya kupangwa na yule anayezitumia.

Pili ni mwendo. Tulikuwa na vituo saba katika muda wa dakika sabini. Fanani alikwenda kwa kasi ya mtu aliyechelewa kidogo, akauacha msafara urefuke, akafika kituoni, akausubiri ujikunje, kisha akaanza kusema kabla wa mwisho hawajafika kabisa, ili wafikapo wakute hadithi imeshika moto na waharakishe hatua mbili za mwisho. Kurefuka na kujikunja huko ndiyo mizani ya simulizi-tembezi: kituo ni ubeti, njia iliyo katikati ni kimya, na kimya hicho ndicho kinachowapa mzazi na mtoto nafasi ya kunong'onezana juu ya waliyoyasikia. Kwa upande wa mwendo nilimpa alama zote. Mimi na mama tulikuwa mkiani kwa sababu ya goti lake, mahali ambapo mhakiki huona vizuri, kwani ukiwa nyuma husikii yote lakini unauona umbali. Mwanzoni kila mtoto alikuwa kiwiko kwa kiwiko na mzazi wake. Kundi la wanafunzi wa chuo lilipopita likicheka, watoto walisogea hatua mbili, tatu, wakawa kama waliokuja peke yao. Walipopita, wengine walirudi. Mpwa wangu aliongoza muda mwingi, karibu sana na fanani, na mara mbili aligeuka kutazama nyuma; nilidhani anautazama mnara wa saa uliokuwa nyuma yetu.

Sasa nije kwenye sarufi, ambako naamini siri ya utanzu imefichwa, na ambako nisingefika kama mama angekuwa anajua Kiingereza. Tulisimama mbele ya ukumbi wa chakula. Fanani alisema, kwa ufupi, hapa ndipo mahali pa kula. Alitumia kile kiwakilishi cha nafsi ya pili ambacho katika Kiingereza hakisemi kama anayeambiwa ni mmoja au ni wengi, ni mkubwa au ni mdogo. Kiswahili hakina mlango huo wa kutorokea. Katika kauli kama hii kitenzi hakisimami bila kiambishi cha nafsi, na kiambishi hicho lazima kichague. Nilimwambia mama, "Hapa ndipo mtakapokula." Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Na sisi tutakula?" Nikajirekebisha: "Utakapokula." Akacheka, akasema meno yake hayafai kwa chakula cha wanafunzi. Nikabaki na njia moja, nafsi ya tatu: "Hapa ndipo mjukuu wako atakapokula." Tafsiri hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa imeiharibu kazi nzima ya sanaa, kwa sababu ilikuwa imemtoa mpwa wangu katika mazungumzo na kumfanya mtu anayezungumziwa.

Fanani hakuwa na tatizo hilo. Kila kauli yake ilikwenda kwa hadhira mbili kwa wakati mmoja na kuziacha zote mbili ziamini kuwa ndizo zilizoambiwa. Hadhira hiyo ningependa kuiita hadhira pacha, kwa sababu hailingani na hadhira mseto ya kawaida, ya wazee na watoto wanaosikiliza ngano moja barazani: wale hawana mgogoro kati yao, ilhali hawa wamekuja kusikia mambo yanayopingana. Mtoto anataka kusikia kwamba ataachiwa, na mzazi anataka kusikia kwamba mtoto atashikwa. Fanani hodari huyatamka yote mawili ndani ya sentensi moja, na muundo wa sentensi hiyo ni ule ambao msomaji wa tungo zetu anaujua tangu zamani, wa mshororo wenye ukwapi na utao. "Maktaba haifungwi usiku kucha," hicho ni kipande cha mtoto. "Na basi la chuo huwarudisha watu bwenini hadi alfajiri," hicho ni cha mzazi. "Mwaka wa kwanza si lazima kuchagua somo la shahada," kwa mtoto. "Na kila mmoja hupewa mshauri wake," kwa mzazi. Nilihesabu mishororo kumi na mmoja ya aina hiyo kabla sijachoka kuhesabu. Ukwapi hufungua, utao hufunga, na kina cha kati, pale ambapo pumzi hukatika kidogo kati ya uhuru na ulinzi, ndipo utamwona mzazi akimtazama mtoto kwa pembe ya jicho.

Baada ya hapo huja ngano. Kiongozi wetu alisema kwamba maktaba iliyokuwa mbele yetu huzama kidogo kila mwaka, kwa sababu aliyeichora alisahau kuujumlisha uzito wa vitabu. Hiyo ni motifu msafiri, ina nauli ya kwenda popote: husimuliwa Bloomington juu ya maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Indiana, na husimuliwa Amherst, kwenye jimbo hilohilo la Massachusetts, juu ya ule mnara wa vitabu wenye jina la W. E. B. Du Bois. Maktaba hizo zote zimesimama. Uhai wa ngano hiyo unatokana na kutosheleza masikio mawili, kwani mzazi husikia sifa, chuo chenye vitabu vingi hata ardhi inalalamika, na mtoto husikia kejeli, mkubwa mmoja mwenye shahada zake amefanya kosa la mtoto. Angalia pia kwamba kosa lenyewe halimuumizi mtu.

Alasiri, Harvard, tuliikuta mbinu hiyo ikiwa imesubiwa kwa shaba. Mbele ya University Hall imeketi sanamu iliyofanywa na Daniel Chester French mwaka 1884, na chini yake yamechongwa mambo matatu: jina la John Harvard, neno la kumtaja kuwa mwanzilishi, na mwaka 1638. Watembezaji huiita sanamu ya uongo wa aina tatu. Uso si wa Harvard, kwa kuwa hakuna picha yake iliyobaki, na msanii alimtumia mwanafunzi wa wakati wake. Harvard hakuanzisha chuo, alikiachia nusu ya mali yake na vitabu takriban 400. Na chuo kilianzishwa 1636. Nilipomtafsiria mama, aliuliza swali ambalo sijapata kulisoma kwa mhakiki yeyote: "Basi kwa nini hawayafuti?" Hawayafuti kwa sababu uongo uliokwisha kukiriwa ni mali. Taasisi inayokutajia makosa yake matatu, tena kwa kicheko, huwa imekuomba uyaamini mengine yote bila kuuliza, na wakati huohuo imemwambia kijana kwamba hapa panaruhusiwa kuwacheka wakubwa waliosubiwa kwa shaba.

Kiatu cha kushoto cha sanamu hiyo kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, kwa sababu wageni hukigusa kwa kutafuta bahati. Dada yangu alimsukuma bintiye kwa upole. "Gusa, mamangu, tukupige picha." Mpwa alikataa. Wanafunzi wenyewe hawakigusi kiatu hicho kwa sababu ambayo staha inanizuia kuiandika, naye alikuwa ameisoma kwenye intaneti usiku uliotangulia. Mama yake hakuwa ameisoma. Dada alikigusa yeye mwenyewe, mkono mzima, na tukampiga picha. Kwangu hicho kilikuwa kituo kilichosomeka kuliko vyote vya siku hiyo: kila upande ulikuwa na maarifa ambayo mwingine hana, na binti, kwa heshima au kwa ukatili, hakusema.

Hatua chache kutoka hapo ni maktaba ya Widener, ambayo yenyewe ni habari ya mzazi na mtoto. Harry Elkins Widener, aliyehitimu hapo na kupenda vitabu, alikufa maji katika Titanic mwaka 1912, na mama yake akakijengea chuo maktaba iliyofunguliwa 1915. Ngano iliyoota juu ya ukweli huo hudai kwamba mama aliweka sharti kila mwanafunzi ajue kuogelea. Historia haiungi mkono sharti hilo, na haishangazi kwamba halifi: mbele ya kundi lililojaa akina mama wanaojiandaa kuwaacha watoto wao, nani atakubali kwamba mama yule alitoa jengo zima na asidai kitu?

Tukirudi chuo cha asubuhi, mlingoti wa taa ya samawati unastahili kusomwa peke yake. Upo katika vyuo vingi vya Marekani: nguzo fupi, taa juu, kitufe na kipaza sauti kifuani, na ukikibonyeza askari wa chuo huja. Fanani wetu aliufikia kwa sauti ileile ya furaha aliyoitumia ukumbini, akasema popote usimamapo utauona mwingine, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watoto walirudi kiwiko kwa kiwiko bila kuitwa. Wazazi waligeuza shingo kuutafuta wa pili. Nyuma ya nguzo hiyo kuna kitu ambacho ziara haikitaji. Mwaka 1986 Jeanne Clery, msichana wa miaka kumi na tisa, aliuawa chumbani mwake katika bweni la Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walipigania sheria, na sheria hiyo ya 1990, ambayo leo inaitwa kwa jina lake, huvilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi kuchapisha kila mwaka takwimu za uhalifu kampasini. Nguzo ni taswira, takwimu ni matini. Fanani huonesha taswira na kuendelea, na kwa mtazamo wa fani hana njia nyingine, maana hapa mshororo wake wa kawaida unavunjika: hauna ukwapi, hauna kipande cha mtoto. Aliujaza kwa mzaha kuhusu wanafunzi wanaobonyeza kwa bahati mbaya. Ulikuwa mzaha dhaifu na ndio pekee uliokuwapo.

Maswali yalikuwa machache, na yaliulizwa karibu yote na wazazi. Ningependa msomaji asikilize viambishi. "Tunaomba uhandisi," baba mmoja alianza. "Tumepata alama nzuri za hesabu." Mtoto wake alikuwa akiitazama nyasi kwa makini ya mtaalamu wa mimea. Nafsi hii ya kwanza wingi ni ya kweli kwa upande wa ada na usingizi uliopotea, na ni ya uongo kwa upande wa mtihani. Fanani aliijibu kwa nafsi ya pili yake isiyo na idadi, na ikapita salama. Mama mwingine aliuliza matokeo ya muhula hutumwa nyumbani kwa njia gani. Fanani alisita. Jibu lipo katika sheria ya 1974: mwanafunzi akishaingia chuo, hata kama hajatimiza miaka kumi na minane, haki juu ya kumbukumbu za masomo yake huwa zake, na chuo hakimpi mzazi bila ridhaa yake isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kijana hakuyasema hayo. Alisema, akitabasamu, "Mimi humpigia mama yangu simu kila Jumapili," na umati ukaguna kwa ridhaa. Sijaona ukwepaji uliofanywa kwa ustadi kama huo. Aliulizwa habari ya haki akajibu habari ya mapenzi, na mama aliyeuliza akaondoka akiwa ameridhika kuliko ambavyo angeridhika na jibu lenyewe.

Juu ya gharama nitasema kidogo, kama ziara yenyewe ilivyosema kidogo. Fanani alituelekeza ofisi ya msaada wa fedha, orofa ya pili, na dada akapiga picha ya kibao cha mlangoni.

Chumba cha mfano kilikuwa kituo cha saba. Ni chumba cha bweni ambamo hakuna anayelala, kilichopangwa kana kwamba mwenyewe ametoka sasa hivi: shuka yenye mistari, kikombe chenye kalamu, gitaa lililoegemezwa ukutani bila vumbi. Uhakiki wa tamthilia hutufundisha kusoma jukwaa kabla mhusika hajaingia, na hapa mhusika haingii kamwe. Kila kitu kimechaguliwa ili kisiwe cha mtu, kwani gitaa likiwa na waya mmoja uliokatika tayari lingekuwa la fulani. Watoto waliingia wawili wawili, wakatazama dirisha, wakatoka. Wazazi walikaa muda mrefu zaidi. Dada alifungua kabati na kulipima kwa shubiri. Mama, ambaye tulimfikisha wa mwisho kabisa, aliketi kitandani, akaliminya godoro kwa ngumi mara tatu sehemu tatu, kama anavyofanya dukani Mwembe Tayari kabla hajakubali bei, akasema sponji hii miezi sita itakuwa chapati. Kisha akalainisha shuka pale alipokuwa ameketi, akavuta pembe ikakaa sawa. Hadi hapo chumba kile hakikuwa na mtu. Mkono wa mama ulikiwekea mtu kwa nusu dakika.

Fanani akatuhitimisha kwa fomula yake, kwa nini alikichagua chuo hiki. Kila ziara huishia hapo. Ni hadithi ya nafsi, yenye shaka mwanzoni na hakika mwishoni, na yake ilikuwa fupi, haina pambo, kuhusu siku ya theluji na mhadhiri aliyemkumbuka jina. Nilimtafsiria mama bila shida yoyote ya kiambishi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kijana alikuwa amesema "mimi".

Tulirudi Lowell jioni barabara ikiwa imejaa. Ndani ya gari jiometri ya macho hubadilika. Kampasini mzazi na mtoto humtazama mtu wa tatu anayewatazama wao. Garini wote hutazama mbele, bega kwa bega, hakuna anayeusoma uso wa mwenzake, na ndiyo sababu yale yasiyosemeka husemeka humo. Watunzi wa tamthilia ya televisheni The Sopranos walilijua hilo mwaka 1999, walipotunga kipindi kizima juu ya baba anayemzungusha bintiye vyuo vya Maine: binti anamuuliza baba kama yeye ni mtu wa Mafia, na swali hilo linaulizwa ndani ya gari, baina ya chuo na chuo. Sisi hatukuwa na siri ya uzito huo. Dada aliuliza, "Umekionaje?" na mpwa akajibu, "Kizuri, mama," kisha kimya cha kilomita kadhaa, huku bibi yake amesinzia kiti cha nyuma, kitambulisho cha karatasi cha mgeni kikiwa bado kimebandikwa kwenye leso yake.

Mimi nilitumia safari hiyo kuwasifia kile nilichokiona: ukwapi na utao, ukwepaji wa swali la matokeo, na zaidi ya yote mwendo, ule msafara unaorefuka na kujikunja. Mpwa alisikiliza kwa adabu.

Mwaka ulipokaribia kwisha alituma maombi vyuo tisa, na kile cha asubuhi hakikuwamo. Nilimuuliza kwa simu sababu. "Mjomba," alisema, "yule kaka alikuwa anakwenda mbio, na kila kituo alianza kusema kabla bibi hajafika."